Shajara ya bango la Treaty United: mwaka gani niushone?

Februari 2021, wiki ya mwisho

Naanza kuandika manake nikiweka kichwani tu ntaacha njiani kama lile koti la mwaka juzi ambalo hadi leo halina mkono wa kushoto. Mradi ni bango la kitambaa, mita nne kwa mbili, la kufunga uwanjani Markets Field hapa Limerick. Mwezi huu imethibitishwa Treaty United wanaingiza timu ya wanaume Ligi Daraja la Kwanza ya Ireland, na msimu unaanza Machi 26, yaani wiki chache tu, wachezaji wenyewe ndo wanakusanywa saa hizi. Kwa wanaosoma toka nyumbani, hii Daraja la Kwanza ni kama ile yetu ya Bongo, jina la kwanza lakini ni ngazi ya pili, juu yake ndo kuna Ligi Kuu.

Mi hapa Limerick nimefika 2017, nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, na nyumba niliyopanga iko Garryowen, ukitoka mlangoni unaona mnara wa kanisa la St John's na chini yake ndo uwanja. Kwahiyo mpira nimeufuata kwa sababu uko karibu, sio kwa mapenzi, niseme ukweli. Wakati ule timu ilikuwa Limerick FC, jezi za buluu. Nimewaona 2018 wakishuka daraja, Finn Harps ndo waliowashusha kwenye mechi za mchujo, na 2019 madeni yakawa yamefika shingoni, mambo yakaenda mahakamani, ikatafutwa namna ya kuokoa kampuni, haikupatikana, ikafungwa. Timu ya tangu 1937. Ubingwa wa nchi mara mbili, 1960 na 1980, Kombe la FAI mara mbili, 1971 na 1982. Ikazimika hivihivi kama umeme wa luku.

Msimu mzima wa 2020 mji huu haukuwa na timu ya wanaume kwenye ligi ya taifa. Ijumaa jioni taa za uwanja zimezimwa, kimya. Nilikuwa sijui kama zile taa nimezizoea hadi zilipozimwa.

Sasa bango. Mi sio fundi, mama ndo fundi, ana cherehani Tanga barabara ya kumi na mbili tangu sijazaliwa, nimekua chini ya meza yake nikiokota vifungo. Najua vya kutosha kujiharibia.

Machi 3

Nimempigia mama kumpa vipimo. Nikamwambia mama nataka mita nne kwa mbili, kitambaa kinauzwa upana wa mita moja na nusu, kwahiyo nachukua vipande viwili vya mita nne na kidogo, navilaza, naviunganisha katikati. Kimya. Halafu kaniuliza, mwanangu, hesabu ulisoma shule gani?

Anasema ukilaza unahitaji mita 8.2 ukihesabu na pindo, na juu ya hapo unatupa nusu mita ya upana pande zote. Ukisimamisha, vande tatu, yaani vipande vitatu virefu, za mita 2.1, ni mita 6.3 basi, na kitakachokatwa pembeni ni kidogo. Nimekaa nikaona kweli. Halafu nikaona na kingine ambacho ye hakukijua, kwamba vande tatu zilizosimama ni mistari, nyekundu nyeupe nyekundu, na Treaty rangi zao ndo hizo. Mishono yenyewe inakuwa mistari ya jezi. Na TREATY ni herufi sita, UNITED ni sita, kwahiyo kila vande inabeba mbili juu mbili chini, TR, EA, TY, halafu UN, IT, ED. Imekaa kama imepangwa na mtu. Nilifurahi mpaka nikachelewa shifti.

Tatizo: maduka yote ya vitambaa yamefungwa. Tuko lokdauni ya daraja la tano, huruhusiwi kutoka zaidi ya kilomita tano toka nyumbani, duka linalofunguliwa ni la chakula na dawa. Nimeagiza polista nyekundu mtandaoni, nyeupe imeisha. Ntatumia shuka.

Machi 9

Herufi tano nimezikata kinyume.

Nilibandika ile gundi ya pasi nyuma ya kitambaa kwanza, vizuri kabisa, halafu nikachora herufi juu ya karatasi ya gundi, yaani mgongoni, nikakata. Ukigeuza kuja mbele, R inaangalia kushoto. T haina shida, A haina shida, U, Y, I nazo sawa tu kwa kuwa pande zake zinafanana, ndo maana sikushtuka mapema, nilianza na hizo. R, N, D na E mbili, zote kwenye ndoo. Hamna wa kumlaumu. Polista imebaki ya kubana sana.

Nimejifunza jambo hata hivyo, saa nane za usiku ukitoka kazini sio saa ya kukata. Ya kuandika sawa, ya kukata hapana.

Machi 14

Leo ndo ugomvi wa mwaka umeanza.

Chini katikati, kwenye ile vande nyeupe, nimeacha nafasi kama sentimita themanini. Hapo nataka lile jiwe, Treaty Stone, na chini yake mwaka. Jiwe lenyewe liko ng'ambo ya mto Shannon, ukivuka daraja la Thomond unalikuta limewekwa juu ya nguzo, linatazamana na ngome ya King John. Inasemekana mkataba wa 1691 ulisainiwa juu yake, ule uliomaliza vita vya wafalme wawili, William na James, na baada ya hapo Patrick Sarsfield na maelfu ya askari wake wakapanda meli kwenda Ufaransa wasirudi tena. Mkataba ukavunjwa na waliobaki wakaumia. Ndo maana mji unaitwa mji wa mkataba, na timu ndo hilo jina limetokea hapo. Mi nikifikiria naona ni jina la ajabu kuipa timu, unaipa jina la ahadi iliyovunjwa, lakini wenyewe wanalipenda na we mgeni ukae kimya.

Sasa mwaka. Nikaweka mchoro kwenye lile kundi letu la simu, mashabiki kama kumi na tano hivi wa mtaani, nikauliza tu kwa heshima, niandike 1937, mwaka wa Limerick FC, au 2020, mwaka Treaty ilipoanza? Simu imetetemeka mpaka asubuhi.

Vijana wote wanataka 1937. Kijana mmoja hata hajafika miaka ishirini ananiambia tuna historia, tumecheza na Real Madrid. Tumecheza! Ye alikuwa hajazaliwa na mama yake pengine bado yuko darasani. Mwingine anataka 2021 kwa sababu ndo mwaka wanaume wanaanza. Hapo dada mmoja tunafanya naye shifti, binti yake anacheza mpira, akaingia akasema samahani, mnaanza na nani? Timu ya wanawake ya Treaty ilishaingia ligi ya taifa tangu Agosti 2020, korona na yote, wakati nyie mnalia kwamba mji hauna timu. Mji ulikuwa na timu. Kundi likatulia kama dakika tano.

Nimerudi juu kuangalia nilichoandika Februari, "mji haukuwa na timu ya wanaume". Angalau niliandika ya wanaume. Lakini zile taa nilizosema zimezimwa, roho yangu haikuwaza kabisa kwamba kuna wasichana wanacheza. Nimeona aibu kidogo.

Halafu mtu mwingine akapendekeza tuweke na maneno ya Kilatini ya mji, urbs antiqua fuit studiisque asperrima belli, eti mji ulikuwa wa kale na mkali kwenye mambo ya vita. Nimehesabu, herufi thelathini na tisa. Nikamjibu karibu uje ushone.

Machi 20

Shuka jeupe linaonyesha. Ukiinua dirishani unaona kidole upande wa pili. Inabidi bitana, na bitana hamna, maduka yamefungwa, nyumbani kuna foronya za maua na kava moja la duveti, la buluu. Pamba safi, zito, nililinunua zamani sana. Nimelikata.

Mama kwenye video kaniambia lile la buluu loweka kwanza na chumvi na siki, lifue mara mbili, pamba ya buluu inachuja. Nikamwambia sawa mama. Sikufua. Naandika hapa ili ijulikane kwamba niliambiwa.

Machi 27

Jana usiku mechi ya kwanza. Bray Wanderers nyumbani kwao, sare bila bao. Nimeangalia kwenye simu, chumba cha wafanyakazi, wakati wa mapumziko yangu, hamna mtu jukwaani, unasikia wachezaji wanavyoitana na kocha anavyopiga kelele. Kocha ni Tommy Barrett, na huyu ndo aliyekuwa kocha wa mwisho wa Limerick FC. Yaani mtu aliyekuwa na mgonjwa mpaka dakika ya mwisho ndo huyohuyo kaletewa mtoto mchanga ashike.

Sare ya sifuri kwa timu iliyokusanywa kwa wiki chache, tena wachezaji ambao wengi mchana wana kazi zao au wanasoma. Mi nimeridhika. Mzee mmoja pale kazini, mkazi, nilimwambia matokeo akauliza Limerick wamecheza? Nikasema ndio. Sikuanza kumweleza.

Aprili 5

Nimeongea na mzee wa namba tisa. Jirani yangu huyu, tunaongea juu ya ukuta kwa sababu ya korona, ye kwake mi kwangu. Ana miaka sabini na kitu. Nilimwonyesha bango limetandikwa kwenye majani ya uwani, bado halina mwaka, nikamwambia mzee wewe ndo mwenye mji, niandike nini?

Hakujibu, kaanza kunihadithia 1980. Septemba. Limerick bingwa wa Ireland, kocha mchezaji Eoin Hand, wanapangwa na Real Madrid Kombe la Ulaya. Halafu mechi ya nyumbani haikuchezwa nyumbani, ikapelekwa Dublin, Lansdowne Road, uwanja wa raga. Kapanda treni kwenda kuona mechi ya nyumbani! Des Kennedy akafunga, Limerick wanaongoza, wanaongoza mbele ya Madrid, mzee anasema kuna dakika pale alisahau kama ana mke. Madrid wakageuza, 2-1. Marudiano kule Bernabéu wakala tano, lakini Kennedy akatia tena moja. Mabao mawili ya Limerick kwa Madrid, yote ya mtu mmoja. Msimu ule Madrid walifika hadi fainali wakafungwa na Liverpool.

Nikamwambia basi niandike 1937, hiyo historia isipotee. Kakataa! Kasema, "Hiyo ilikuwa yetu. Tumeishi nayo na tumeizika. Wao hawa waacheni watafute ya kwao." Nilitegemea mzee ndo atakuwa wa 1937 na vijana wa 2020, kumbe ni kinyume kabisa. Vijana ndo wanaotaka ukale, mwenye ukale hautaki uazimwe.

Halafu akaongeza kitu ambacho sikukijua. Kwamba hata hiyo Limerick yenyewe sio moja. Kuna wakati iliitwa Limerick United, ikaja mgogoro miaka ya themanini ikawa Limerick City, ikahamishwa Markets Field mwaka 1984 kwenda Rathbane, ikarudi kuwa Limerick FC, leseni ikakataliwa, ikaja timu mpya 2007 inaitwa Limerick 37, hiyo 37 ya 1937, halafu 2009 ikarudia jina la Limerick FC. Kurudi Markets Field ni 2015 tu, hapo katikati uwanja ulikuwa wa mbio za mbwa. Kwahiyo nikiuliza iliyokufa 2019 ni ipi, mzee anacheka.

Aprili 16

Ramadhani Karim. Jua linazama saa mbili na nusu usiku, alfajiri inakuja kabla hujameza. Nashona kati ya futari na tarawehe, siku zisizo za shifti. Herufi mpya zimekaa, nimezizungushia zigzaga mara mbili. Sindano namba 14 imenivunjikia kwenye makutano ya vande, pale ni tabaka sita, nimeweka 16 ikapita.

Toka Jumatatu tunaruhusiwa kutembea wilaya nzima, lile la kilomita tano limeisha. Nimeenda hadi kwenye jiwe nikalichora kwa penseli, maana picha za mtandaoni zinalifanya kubwa. Sio kubwa. Ni jiwe la chokaa la kawaida tu, wanasema mwanzo lilikuwa la kukanyagia ukipanda farasi. Ile nguzo iliyo chini yake ndo kubwa. Ntalishona kwa suruali yangu ya kijivu ya kazini iliyochanika.

Nimekuwa nikiwaza habari ya mwaka nikiwa nashona na nadhani nimefika mahali.

Kwetu mtoto akizaliwa anapewa jina la babu aliyefariki. Mi mwenyewe nina jina la babu yangu mzaa baba. Bibi alikuwa ananiita mume wangu, ananitania, ananipikia vitumbua, lakini siku ya kugawa minazi ya babu hakuna aliyesema huyu ndo babu mpeni vyote. Jina ni heshima, halikufanyi uwe yule. Timu nyingi ndo hivyo. Cork City, hapo jirani, 2010 kampuni yake ilifutwa mahakamani, mashabiki kupitia chama chao FORAS wakaanzisha nyingine Daraja la Kwanza, baadaye wakalipata jina la marehemu, na 2017 wakachukua ligi na kombe pamoja. Yule ni mtoto aliyepewa jina la babu na akalibeba. Na pale nyumbani Simba, ukimuuliza mzee wa Msimbazi atakwambia hii ni Sunderland, ile ni kubadili jina tu mwaka 1971, mtu ni yuleyule, hakufa. Hizo ni habari mbili tofauti na watu wanazichanganya.

Treaty sio ya kwanza wala ya pili. Jina la babu hawakuchukua. Rangi ya babu hawakuchukua. Lakini wanaishi nyumba ya babu, na aliyemuuguza babu ndo anawalea. Ni mjukuu anayekaa nyumba ya urithi na jina lake mwenyewe. Huyo ukimwandikia cheti cha kuzaliwa unaandika mwaka aliozaliwa.

2020. Na sio 2021, kwa sababu dada wa shifti alisema ukweli, mtoto wa kwanza wa nyumba hii ni wa kike.

Aprili 18

Nimetangaza kwenye kundi. Wawili wamejitoa.

Mei 20

Sijaandika muda mrefu, sikukuu ilikuwa nzuri, pilau ya watu watatu tu. Maduka yamefunguliwa wiki hii. Nimeenda kununua vile vichuma vya duara vya kupitishia kamba, pakiti ya ishirini, na kamba ya nailoni. Niliona polista nyeupe pale, mzigo mzima umesimama unanitazama. Bango limeshashonwa. Nikapita.

Mshonaji mwenzangu, mama mmoja wa Kipoland anayekaa mtaa wa pili, kaangalia kazi akasema pindo la juu ni dogo kwa uzito huo, litavutwa na upepo litachanika kwenye vishimo. Kasema weka mkanda wa turubai ndani ya pindo. Nimefumua pindo lote la juu, mita nne. Usiku mzima. Alikuwa sahihi na nimemchukia kwa siku mbili.

Mei 29

Limekamilika. Kilo mbili na ushee. Nimelining'iniza kwenye kamba ya nguo uwani, jua la saa kumi jioni linapiga kwa nyuma, na hapo ndo nimeona kitu ambacho mezani hukioni. Vande ya katikati, ile nyeupe, ukiweka mwanga nyuma yake sio nyeupe. Buluu inaonekana kwa ndani, kidogo, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Mzee wa namba tisa alikuwa ameegemea ukuta. Akauliza ndani umeweka nini. Nikamwambia kava la duveti, mzee, maduka yalikuwa yamefungwa. Akatazama weee, halafu akasema chai yake inapoa akaingia ndani. Sikuelewa kama amekasirika.

Julai 10

Watazamaji wameanza kurudishwa kidogokidogo, idadi inahesabika, watu wanakaa mbalimbali. Kabla ya kulifunga jamaa wa usalama kauliza kama kitambaa kinashika moto haraka, nikasema sijui, akaniambia nipulizie dawa ya kuzuia moto nimletee kopo aone. Yuro kumi na nane. Dawa imeacha doa kama chumvi kwenye herufi ya Y. Basi.

Limefungwa upande wa mbali, kwenye uzio. Kwa macho yangu nimeona makosa manne kutoka umbali wa mita sitini. U imeinama. Hamna mwingine aliyeiona, au wameiona wamenionea huruma. Yule kijana wa 1937 alipiga picha nalo, akaituma bila maneno. Nimeikubali hivyohivyo.

Kuhusu timu yenyewe, wanashangaza watu. Wengi tulisema msimu wa kwanza wasishike mkia inatosha, hawa wako juu wanagombania nafasi za mchujo. Ni wagumu kufungwa, wanakaa nyuma kwa nidhamu, wakipata moja wanalifunga geti.

Septemba 12

Nililishusha kwa wiki mbili kushona vishimo viwili vya upande wa kulia, upepo wa Shannon si mchezo. Wakati nimekaa nalo nimeongeza ndani ya pindo la chini, sehemu isiyoonekana, kipande kidogo cha kanga cha kufungia uzi. Cha mama. Ni cha kuzuia uzi usitoke tu.

Oktoba 24

Msimu umeisha, mechi ishirini na saba, Treaty wa nne. WA NNE. Timu kumi, Shelbourne bingwa, halafu Galway, halafu UCD, halafu sisi, juu ya Bray na Cork City. Nafasi ya pili hadi ya tano wanaingia mchujo, sisi tunacheza na UCD, chuo kikuu cha Dublin, vijana wanaosoma na wanacheza mpira wa kufa mtu. Mechi ya kwanza ni hapa.

Dada wa shifti kanibadilishia usiku wangu. Binti yake anakuja na timu yao yote ya mtaani.

Novemba 2

Tumetolewa. Jumla ya mechi mbili UCD walikuwa bora, sina la kubisha.

Mechi ya hapa mvua ilinyesha, ile ya Limerick ambayo hainyeshi kwa nguvu lakini haikubali kuacha. Polista mvua inateleza inaondoka, shuka la pamba linakunywa, na kava la duveti lililo nyuma yake linakunywa zaidi. Kufika kipindi cha pili katikati pote pamelegea kama tumbo la mtu aliyeshiba, herufi za EA na IT zimeshuka chini ya wenzake. Watu wanne tulilibeba kurudi, lina uzito wa mtoto wa miaka miwili.

Nimelitandika bafuni. Asubuhi nimewasha taa. Buluu imechuja. Vande yote nyeupe imekuwa ya buluu ya mbingu, na madoa mazito pale kwenye mishono, na ile 2020 iko katikati ya ziwa. Nyekundu mbili za pembeni ziko vilevile, hazijaguswa.

Nimempigia mama, kaangalia kwenye video, hakusema nilikwambia. Kaniuliza tu, siki unayo?

Novemba 6

Mzee wa namba tisa kasikia, sijui kutoka kwa nani. Kapiga hodi mlangoni, mara ya kwanza hajaongea toka ukutani. Anataka kuliona. Nimelitandaza sebuleni, nikaanza kumweleza ntakavyotoa rangi, chumvi, siki, maji ya baridi sio ya moto. Akaniambia niache kwanza. Akainama kwa tabu akaishika pale kwenye mshono palipokolea. Akauliza ukiitoa hii vande utaitupa?

Uamuzi: vande ya katikati inafumuliwa yote, inakuja polista, haihitaji bitana. Herufi nne na jiwe na mwaka vinahamishwa, gundi ishakufa kwahiyo ni kushona kwa mkono kwanza. Kava la duveti linatoka. Ile shuka, bila herufi, imefuliwa kwa maji matupu bila siki, imekunjwa, iko namba tisa. Kasema anaitaka ya pazia la dirisha la jikoni. Jikoni kwake hamna dirisha, nimeshawahi kuingia.

Polista nyeupe mita 2.1, nshanunua. Msimu ujao ni Februari. Kabla ya kukata nalala.